Blauzi ya Ng'ombe Waliolala

Karatasi ninayokatia blauzi ni ya mfuko wa saruji. Tulipokuwa tunaongeza chumba cha nyuma hapa Kigera, Musoma, mafundi walikuwa wakipasua mifuko na kuitupa pembeni, nami jioni nikirudi kazini napita nikiokota. Mfuko wa saruji una tabaka zaidi ya moja. Karatasi ya ndani inachafuka, ya nje inachanika, lakini ya katikati hutoka safi, ngumu, ya rangi ya kaki, na ukiipitishia pasi isiyo na moto mwingi inanyooka vizuri. Nilizilaza chini ya godoro bila kujua nitazifanyia nini.

Nilijua blauzi ya mama ilipokwisha. Ilikuwa blauzi ya mtumba aliyoinunua mnadani, kitambaa cha kuvutika kama cha tisheti lakini kizito zaidi, rangi ya majivu, shingo pana, mikono inayopita kiwiko kidogo. Mama aliivaa kwake Butiama kwa kukamua, kupalilia mtama na kwenda mnadani tena, akaivaa mpaka makwapa yakawa wavu. Nilipomwambia anipe niitupe alinishangaa.

"Utupe nini? Hii ndiyo inanijuaga."

Akanipa kwa sharti kwamba sitaitupa. Nikaja nayo Musoma, nikaifumua kwa wembe mshono baada ya mshono, nikaipiga pasi, nikailaza juu ya karatasi ya saruji na kuizungushia kalamu. Kipande cha mbele kilikuwa kimevutika zaidi upande wa kulia, upande aliokuwa akibebea ndoo ya maziwa. Nilikikunja katikati nikafuata upande wa kushoto, ambao ulikuwa bado na adabu. Nikapata mbele, nyuma na mkono mmoja. Mafundi huita kitu hicho kiolezo. Sisi nyumbani tunakiita karatasi ya mama.

Tangu hapo sijanunua blauzi. Karatasi ile imekata zangu zote, imekata za mdogo wangu anayekaa Bunda, ambaye namwongezea vidole viwili nyongani, na za jirani mmoja ambaye nampunguzia mabegani. Kingo zake zimebandikwa selotepu mara nyingi kiasi kwamba pembeni ni selotepu tupu. Kwenye kipande cha mbele nimeandika "mbele" na kwenye cha nyuma nimeandika "nyuma", kwa sababu tofauti yake ni shingo tu. Ya mbele inashuka, ya nyuma haishuki.

Namna yangu ya kufanya kazi haibadiliki. Jumamosi nikishaanika nguo nafuta meza ya kulia chakula, natandika kitambaa, juu yake karatasi, na juu ya karatasi naweka mawe laini niliyookota ziwani, maana pini hutoboa kitambaa cha kuvutika na tundu halizibi. Nachora kwa kipande cha sabuni kilichokauka. Cherehani yangu ni ile nyeusi ya kukanyaga, haijui mshono wa kuvutika, kwa hiyo mikono yangu ndiyo inayojua: wakati wa kushona nakivuta kitambaa kidogo mbele na nyuma ya sindano, ili uzi usije ukakatika siku mtu anaingiza kichwa. Lakini kabla ya hayo yote nakivuta kitambaa kikiwa mkononi. Kitambaa cha namna hii kina upande unaonyooka na upande unaogoma. Unaonyooka lazima uzunguke kifua, na unaogoma ushuke kutoka begani kwenda kiunoni. Ukigeuza, umeshona gunia.

Mwaka jana, wakati wa palizi, mama alipata kiharusi. Madaktari walisema si kikubwa, na kweli mdomo wake ulirudi mahali pake mapema, lakini mkono wa kulia ulibaki umekunjwa kifuani kama wa mtu aliyebeba kifaranga. Anakaa na kaka yangu na mke wake. Wifi yangu huyo ni mtu mpole, ana mikono myepesi, na ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumvisha kila asubuhi bila kunung'unika. Mama anampenda kuliko anavyotupenda sisi, na hafichi. Ndiyo maana jambo lile lilimuuma zaidi.

"Alipoletwa hapa alinikuta nimevaa," aliniambia siku moja tukiwa wawili. "Sasa ananivua kama mtoto."

Akaacha kwenda kanisani. Jumuiya ilipokuja kusali nyumbani alibaki ndani, akaitikia sala kupitia dirisha. Alishinda na khanga na shati la kaka lisilofungwa vifungo. Magauni yake ya kitenge yana zipu mgongoni, na mashati ya vifungo alikuwa akifunga viwili kwa mkono wa kushoto, anachoka, anakasirika, anavua. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimfundisha namna ya kuvaa mwenyewe: mkono mgonjwa uingie kwanza mpaka begani, kisha kichwa, mkono mzima mwisho. Mama aliijua namna hiyo kama sala. Nguo ya kuifanyia ndiyo hakuwa nayo.

Halafu ikaja habari ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa kaka, binti ambaye mama alimlea mgongoni. Kila mtu nyumbani alidhani bibi atakwenda. Bibi akasema wazi, wakati wa chakula, mbele ya mtoto mwenyewe:

"Nikivaa mwenyewe nitaenda. Nikivalishwa nitabaki hapa na kuku."

Wifi alinipigia simu kesho yake akiwa nyuma ya zizi ili asisikike.

"Wifi, ile karatasi ya mama bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi mshonee. Mimi simvishi Jumapili hiyo hata akiniomba. Nataka aende yeye."

Nilimwambia mdogo wangu atafute kitambaa Bunda, kwa sababu pale kuna mama mmoja sokoni anayeleta mabaki ya majora, na ukiwahi unapata vitu ambavyo madukani havipo. Siku mbili baadaye akapiga.

"Dada, kaa chini kwanza. Nimetuma picha, fungua."

Nikafungua. Kitambaa cha bluu, na juu yake ng'ombe wadogo wa kahawia na weupe, wamesambaa kila mahali kama wametoka kunywa maji.

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe. Kwani mama anapenda nini, maua?"

"Wanavutika?"

"Wanavutika sana. Ni kipande kimoja tu kimebaki, nimeshakibeba. Nakuja nacho Jumamosi tukate wote, wewe unaringaga na hayo mawe yako."

Alikuja na basi la asubuhi. Tulitandika kitambaa mezani, nikakivuta, nikaona upande unaonyooka, nikalaza karatasi inavyotakiwa. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa meza na chai yake. Akaweka kikombe chini.

"Wewe. Ng'ombe wa mama wamelala."

Nikaangalia. Aliyechora kitambaa kile aliwachora kwa upande aliotaka yeye. Ukiiweka karatasi sawasawa na mvuto, ng'ombe wote wanalala ubavu, miguu imenyooka pembeni. Tulisimama tukiwatazama. Mtu aliyekulia mjini asingeona neno. Sisi tumekulia kwenye boma, na kwetu ng'ombe akionekana amelala hivyo asubuhi, miguu imenyooka, nyumba nzima hutoka mbio, mmoja anakwenda kwa bwana mifugo na mwingine anatafuta kisu, kutegemea nani ana matumaini zaidi. Isitoshe, wote wawili tulijifunza kushona kwa vitenge, na kwenye kitenge sheria ya kwanza ni kwamba ndege asimame kwa miguu yake.

"Hatuwezi kumvisha mama mizoga," mdogo wangu akasema.

Nikaigeuza karatasi. Ng'ombe wakasimama. Nikavuta kitambaa upande ambao sasa ungezunguka kifua.

"Kinavuta kidogo tu."

"Kidogo si kinatosha? Mama mwenyewe amepungua."

Ilikuwa kweli kwamba amepungua. Nikakata. Jioni blauzi ilikuwa tayari, na sijawahi kushona nyingine iliyopendeza namna ile. Ng'ombe walisimama kifuani wamenyooka, na kwenye mikono walipanga mstari kama wanakwenda malishoni. Mdogo wangu aliitundika mlangoni akaipiga picha.

Kesho yake, Jumapili iliyotangulia ile ya komunyo, tuliipeleka Butiama. Mama aliitandaza mapajani kwa mkono wake wa kushoto, akaanza kukagua kundi.

"Hawa hawana nundu. Wa maziwa." Akasogeza kidole. "Huyu ana mimba. Huyu pembe zimepinda, atawaumiza wenzake. Nani kawachunga hawa?"

"Mchina," mdogo wangu akasema.

Mama akacheka. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka mpaka anashika tumbo. Akainuka, akachukua fimbo yake, akaingia chumbani na blauzi begani na kufunga mlango.

Tulikaa sebuleni, mimi, mdogo wangu na wifi. Kwanza tulisikia kitanda. Kisha pumzi, kama za mtu anayesukuma kabati. Kisha sauti ya mama, imefunikwa na kitu, ikiita neno moja.

"Mkwe."

Wifi akaenda. Alituambia baadaye jikoni kwamba alimkuta na mkono mgonjwa umeingia hadi kiwiko, kichwa kimekwama chini ya shingo ya nguo, na mkono mzima umebanwa juu, hauwezi kushuka wala kutoka. Kumtoa kulichukua muda. Mama alipotoka alikuwa amejifunga khanga, amebeba blauzi ile mkononi ikiwa imekunjwa vizuri.

"Ng'ombe wazuri," akasema. "Mpeni mtoto, atakua nayo. Jumapili nendeni, mtaniletea picha."

Mtoto mwenyewe alikuwa mlangoni na daftari lake la mafundisho, akatoka nje.

Gari la kurudi lilipofika njia panda, pale anaposhuka kusubiri la Bunda, mdogo wangu akanigeukia.

"Nunua kitambaa kingine, dada. Cheusi, cha kijani, chochote. Achana na mifugo."

Nilifikiri hivyo pia. Kitambaa cha tisheti cha rangi moja kinapatikana Musoma bila shida. Lakini nilikuwa nimemsikia mama akicheka, na kwenye kabati kulikuwa na kipande cha ng'ombe kilichobaki ambacho, nilipokipima kwa mkono, kingetosha mbele, nyuma na mikono, ila kwa namna moja tu ya kukilaza. Namna ile tuliyoikataa.

Kabla ya kukata nilifanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama ng'ombe wasingetuziba macho. Nilichukua blauzi yangu moja iliyotoka kwenye karatasi ileile, nikafunga mkono wangu wa kulia kifuani kwa khanga, nikajaribu kuivaa kwa mkono wa kushoto peke yake. Mume wangu akaingia nikiwa nimefikia kichwani.

"Umeumia?"

"Navaa."

"Naona," akasema, akaenda kuwasha redio.

Nilivaa na kuvua mpaka jasho likanitoka. Nilichojifunza ni kwamba mkono uliolala hausaidii kitu: tundu la nguo ndilo linaloufuata, siyo wenyewe kuingia. Tundu la begani lilikuwa dogo. Mkono wa nguo ulikuwa mwembamba kwenye kiwiko, mahali ambapo kiwiko kilichokunjwa huwa kinene zaidi. Shingo ilikuwa na upana wa kutosha mtu anayetumia mikono yote miwili. Sikutaka kuigusa karatasi ya mama, maana ile ni ya mwili wake alipokuwa anabeba ndoo, kwa hiyo nilitoa karatasi nyingine ya saruji chini ya godoro, nikaichora upya juu yake, nikapanua tundu la bega, nikapanua mikono yote miwili na kuongeza shingo upana wa kidole kila upande. Kisha nikawalaza ng'ombe ubavu, nikakata.

Jumamosi nilifika Butiama mchana. Mdogo wangu alikuwa ametangulia, yuko jikoni na wifi wanachambua mchele wa sherehe, mama amekaa karibu nao. Nilimpa mama blauzi mkononi bila maelezo. Aliitandaza mapajani kama mara ya kwanza. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha akakinyoosha.

"Mmewalaza."

"Mama, ni hivi," mdogo wangu akaanza akiwa na ungo mikononi, "kitambaa kinavutika upande mmoja tu, na huyo Mchina aliwachora..."

"Nimesema mmewalaza, sijauliza." Akampapasa mmoja kwa kidole gumba. "Mimi nimelala ubavu tangu palizi mpaka mavuno. Kuna mtu alileta kisu?"

Wifi akageukia dirishani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mama akavuta kitambaa kwa mkono na goti, kikanyooka, akakiachia kikarudi. Akafanya hivyo tena. Nilimwomba ajaribu kuivaa, ili kama kuna pa kupanua nipanue usiku ule. Akakataa.

"Kesho."

Asubuhi ya komunyo aliamka kabla yetu, akaogeshwa na wifi, kisha akamwambia atoke. Mlango ukafungwa. Binti wa kaka alikuwa sebuleni katika gauni lake jeupe, haruhusiwi kukaa asilikunje, haruhusiwi kugusa ukuta, amesimama katikati ya chumba kama mshumaa. Kaka alikuwa nje akizungumza na mwenye bajaji, ambaye alishapiga honi mara kadhaa na kuambiwa asubiri. Ndani fimbo ilianguka. Kitanda kililia. Mdogo wangu akasogea mlangoni na kuinua mkono.

"Usigonge," wifi akasema.

"Kama amekwama?"

"Akiniita nitaenda. Asiponiita siendi." Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha kichwa cha mama alichokishika tayari.

Tukasikia kitu kama kikohozi, kisha miguu ikiburuta. Mlango ukafunguka kwa ndani.

Mama alikuwa amevaa. Chini alikuwa amejifunga kitenge chake cha sikukuu, ambacho alikwishazoea kukikaza kwa meno na mkono wa kushoto, na juu blauzi imeshuka vizuri, mkono mgonjwa umepita wote mpaka vidole vinaonekana. Jicho langu, ambalo halijui kupumzika, likaona jambo lingine palepale. Shingo ya mbele ilikuwa imempanda hadi kooni. Alipogeuka kuchukua fimbo niliona nyuma imeshuka, uti wa mgongo unaonekana. Aliivaa mbele nyuma.

Nikamtazama mdogo wangu, naye alikuwa ameshaona. Wifi pia aliona, kwa sababu mkono wake uliinuka kuelekea bega la mama, kama ulivyozoea asubuhi zote zile. Ukafika nusu ya njia. Kisha ukaendelea juu zaidi, ukamfunga kitambaa cha kichwa na kuziacha ncha zake zining'inie mgongoni, zikafunika ile sehemu.

"Umependeza, bibi," mtoto akasema.

"Najua. Twende, mtachelewesha watu."

Kanisani alikaa benchi la mbele upande wa akina mama. Wenzake wa jumuiya walimjia mmoja mmoja kumpa pole na hongera kwa pamoja, na kila mmoja aliuliza habari za ng'ombe. Niliona akiwaonyesha yule mwenye mimba. Mjukuu wake alipopita kwenye mstari na mshumaa, mama alisimama bila kushikwa, na alibaki amesimama mpaka mtoto aliporudi kukaa.

Jioni, wageni walipoondoka, tulikaa uani tukila makombo ya pilau. Mama alikuwa kwenye kiti chake, bado na blauzi ile, sasa ina tone la mchuzi.

"Ile shingo inayoshuka," akasema bila kumtazama mtu, "ndiyo ya mbele. Siyo?"

Mdogo wangu akazama kwenye sahani yake.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Nilijua nikiwa ndani. Ilinikaba."

"Mbona hukuvua uanze upya?"

"Nianze upya, mtoto akomunike Krismasi?" Akafuta kidole kwenye kitenge. "Na nyie wote mkaona mkanyamaza."

"Tulinyamaza," wifi akasema.

"Vizuri. Sasa wewe," akanigeukia, "nyingine unayokata, shingo zote mbili ziwe sawa, mbele na nyuma. Nisiwe na kazi ya kutafuta uso wa nguo. Na usisumbuke kuwasimamisha."

Kisha akainuka, akaaga, akaingia ndani kulala. Tulimsikia akifunga mlango wa chumba. Wifi aliacha kula, akasikiliza. Kuvua kulichukua muda kuliko kuvaa, na katikati mama alisema kwa sauti neno moja la lugha ya nyumbani ambalo siliandiki hapa. Hakuita mtu.